Naulizwa "nani kaandika?" na mie najua. Niseme au ninyamaze?

Mtunza Sanduku (mleta uzi), Jumapili, saa 4 usiku

Assalaam alaykum. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, mwenye kahawa yake akae.

Kwa miaka mitatu nimeendesha ukurasa wa mtaa wetu, hapahapa Unguja mjini. Jina la ukurasa silitaji wala mtaa siutaji, wanaojua wanajua. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: mtu ananiandikia pembeni, mie naubandika ujumbe wake bila jina. Ilianza kama mchezo. Nani kaonekana Forodhani kaganda mbele ya mishikaki hana senti, nani anadaiwa elfu tano tangu Idi ya mwaka jana. Watu wakicheka usiku, asubuhi wakikutana barazani wanacheka tena.

Wengi walidhani waandishi hawajulikani. Wanajulikana. Ujumbe unanijia na jina la mtu, na picha yake kavaa kanzu kasimama Mnazi Mmoja siku ya sikukuu. Mie ndiye ninayelifuta jina. Kwa hiyo mtu alikuwa kajificha kwa mtaa mzima isipokuwa kwangu, na siwafichi, mwanzo hilo lilinipa kiburi. Unapita njiani, watu wanakuamkia, na weye unajua nani kamsema nani.

Sasa nije kwenye lililonileta. Miezi tisa nyuma nilipokea mistari mitatu kuhusu bi mmoja anayeuza urojo mtaani kwetu. Hapa nitamwita Bi Urojo, watoto wake wanisamehe. Mistari ile ilisema urojo wake wa leo ni ule wa jana, kazi yake asubuhi ni kuongeza maji na ndimu tu, "katika lile sufuria lake lililovunjika mpini". Nikasoma, nikacheka, nikabandika. Kabla ya isha maoni yalishapita mia. Mmoja akasema alishawahi kuumwa tumbo, wa pili akakumbuka na yeye aliumwa, wa tano akaapa. Watu wale walikula urojo wa bi huyu miaka kumi, na matumbo yao yakakumbuka kuuma siku moja tu, wote pamoja.

Wateja walipungua kwa wiki mbili hivi, baadae wakarudi. Urojo wake hauna mpinzani, njaa ina akili. Lakini sufuria lile, yakhe, hulioni ukiwa barazani. Lipo uani. Bi Urojo akapiga hesabu ya nani huingia uani kwake, hesabu ikamwangukia jirani yake wa ukuta mmoja. Wamelea watoto pamoja, zaidi ya miaka 20. Hakumuuliza, hakumgombeza. Alimnunia. Mchana sahani zikaacha kuvuka ukuta, Idi ikapita hawakupeana mkono.

Na siye jirani. Aliyeandika ni kijana aliyewahi kuishi nyumba ya Bi Urojo alipokuwa skuli, sasa yupo Maskati mwaka wa tatu. Urojo wa mwaka huu hajauonja hata kwa harufu. Nilimuuliza baadae kwa nini. Alikuwa zamu ya usiku, usingizi umemkimbia, akawa anapitia ukurasa. Akanijibu hivi: "Ami, mie yule bi hata sikumfikiria. Niliwafikiria watakaocheka."

Nimeufunga ukurasa wiki ya tano leo. Kila siku naulizwa nafungua lini. Na Shaaban ndiyo hiyo inakatika, watu wanatakana radhi, na mie nimekalia jina.

Niliahidi siri. Nivunje? Na nikifungua tena, niwalazimishe watu waweke majina yao?

Yakhe Yakhe, Jumapili, saa 4:20 usiku

Nimetandika mkeka. Nasema tu kwamba sufuria lililovunjika mpini lipo kila nyumba Zanzibar, msije mkaanza kuchunguliana nyua.

Msomi wa Tunguu, Jumapili, saa 5 usiku

Mleta uzi, jawabu la huyo kijana wa Maskati watu wameshaliandikia vitabu. Mwanasaikolojia wa Marekani, John Suler, alichapisha makala mwaka 2004 kuhusu namna watu wanavyofunguka mtandaoni kuliko wanavyofunguka uso kwa uso. Sababu alizotaja ni sita, na jina kufichika ni mojawapo tu. Nyengine ni kwamba humuoni unayemsema. Nyengine ni kwamba hayupo muda huo. Unarusha jiwe usiku, linaangua asubuhi, weye umelala. Na nyengine ndiyo hiyo ya kijana wako: aliye upande wa pili anageuka sauti kichwani mwako, kama mtu wa kwenye hadithi unayejisimulia mwenyewe. Bi Urojo wa kichwani mwake hakuwa na watoto wa kusomesha. Alikuwa na sufuria tu.

Suler huyohuyo alisema kufunguka kuna pande mbili. Kuna kunakotoa sumu na kuna kunakotoa siri iliyokuwa inamla mtu.

Ila lililonikaa mie ni utafiti wa 2012 wa Lapidot-Lefler na Barak, wa Chuo Kikuu cha Haifa. Waliwaweka watu wawiliwawili wabishane kwa kuandikiana. Baadhi wakijuana majina, baadhi hawajuani. Baadhi wakionekana kwa kamera, baadhi hawaonekani. Na baadhi wakawekewa kamera ya kuwafanya watazamane macho. Kilichozidisha matusi na vitisho kuliko chochote ni kukosa kutazamana macho. Jina lilikuwa nyuma ya hapo.

Wazee wetu walisema uso umeumbwa na haya. Hawakusema jina limeumbwa na haya.

Mpemba wa Konde, Jumatatu, saa 1 asubuhi

Nimesoma hapa watu wa Unguja wanatafuta mchawi. Mie naona mnalisingizia jina.

Mie ni mtu wa kaskazini Pemba. Baada ya uchaguzi wa 1995 kwetu hakukuwa na simu ya mkononi wala ukurasa. Tulikuwa na nyuso, na majina, na majina ya babu zetu mpaka wa saba. Na tuligomeana dukani. Mtu wa chama hiki hanunui sabuni kwa mtu wa chama kile, anatembea na jua mpaka duka la pili. Gari la abiria lina chama. Tuligomeana maziko, waungwana. Maiti ya Muislamu imelazwa, na watu wanauliza kwanza alikuwa upande gani. Nani alijificha? Kila mmoja alikuwa anamuona mwenzake waziwazi, na ndiyo ilikuwa raha ya kufanya, aone kwamba mimi ndiye nisiyekuja.

Yalipoa vipi? Hakuna aliyelazimishwa kuweka jina. Novemba 2009 wakubwa wawili, Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF, walikaa Ikulu wakazungumza, mwaka uliofuata tarehe 31 Julai tukapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakasema ndiyo kwa serikali ya pamoja. Mie mzee wangu alianza kununua tena duka la karibu wiki ileile. Hakutoa maelezo. Alirudi na kibiriti.

Kwa hiyo hayo macho ya Haifa nayaheshimu, lakini sie tulitazamana macho na tukafanya.

Msomi wa Tunguu, Jumatatu, saa 1:40 asubuhi

Kaka wa Konde, nakubali nusu. Ile nusu ya pili ni kundi. Mlikuwa peke yenu au mlikuwa upande?

Kuna jaribio la Ed Diener na wenzake, lilichapishwa 1976. Wamarekani wana usiku mmoja wa mwaka ambapo watoto huvaa vinyago na kupita nyumba hadi nyumba kuomba peremende. Kule Seattle waliweka bakuli katika nyumba 27, watoto zaidi ya 1,300 wakapita, kila mmoja akaambiwa achukue moja tu, kisha mwenye nyumba akaingia ndani. Waliokuja peke yao na wakaulizwa jina na wanapokaa, walioiba hawakufika 8 katika kila 100. Waliokuja peke yao bila kuulizwa, kiasi cha 21. Waliokuja kwa kundi lakini wameulizwa majina, kiasi hichohicho cha 21. Waliokuja kwa kundi na hawakuulizwa, 57.

Yaani kinyago peke yake na kundi peke yake vinavuta karibu sawa. Vikikutana ndipo bakuli linapobaki tupu. Ukurasa wa mleta uzi ulikuwa na vyote viwili: mmoja kajificha, na mia nyuma yake wanashangilia kwa majina yao halisi.

Sasa fikiria watoto wetu wanavyopita siku ya Idi kutaka mkono wa Idi. Nao ni kundi. Lakini kila mlango wanajua huyu wa nani, na asiyejulikana anaulizwa hapohapo: weye mtoto wa nani?

Kisiki, Jumatatu, saa 2 asubuhi

[Bandiko limeondolewa na msimamizi kwa lugha isiyofaa]

Yakhe Yakhe, Jumatatu, saa 2:15 asubuhi

Mfano hai umepita. Nimewahi kuusoma kabla haujaondolewa, ulimhusu mama yake Msomi, ambaye hajasema neno humu.

Somo wa Zamani, Jumatatu, saa 9 alasiri

Mwanangu mleta uzi, mie ni mtu mzima, mjukuu ndiye anayenishikia simu, kwa hiyo makosa ya kuandika ni yake.

Nyie mnazungumza kama kwamba kusemana kwa kujificha kumeletwa na simu. Kwetu wanawake wa hapa tumesemana kwa kujificha toka enzi za mama zetu. Kanga ilikuwa na kazi gani? Unanunua doti iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", unajifunga, unapita mbele ya nyumba ya mtu mara tatu kwa siku na ulikuwa na shughuli moja tu. Hujasema kitu. Akikushitaki kwa sheha atasema nini, kwamba kavaa nguo? Na kwenye taarabu vilevile. Wimbo ukifika pale panapokuuma unanyanyuka, unakwenda kumtunza muimbaji, noti mkononi, na mwendo wako unapita meza ya fulani. Ukumbi mzima unaelewa. Muimbaji hajataja jina na weye hukutaja.

Lakini sikiliza tofauti. Fumbo la kanga lina mwenyewe. Lile vazi umelivaa weye, mwili ni wako, mlango uliopita mbele yake ni wa yule. Aliyepigwa anajua kapigwa na nani, na kesho anakwenda dukani kutafuta kanga ya kujibu. Mie niliwahi kujibizana hivyo na shoga yangu mwaka mzima, mpaka tukachoka wenyewe, au tuseme pesa za kanga zilikwisha. Kilichofichwa pale ni neno. Mwenye neno hakufichwa.

Wewe uliyafanya kinyume. Neno ulilianika juani, mwenye neno ukamtia kapuni. Yule mwanamke akabaki na jeraha halina mkono. Na jeraha lisilo na mkono, mwanangu, mtu hulitafutia mkono wa karibu. Mdhaniaye ndiye kumbe siye. Kakosa jirani kwa sababu jirani ndiye aliyekuwa karibu, na aliyekuwa karibu ndiye aliyekuwa anampenda.

Halafu naona wote humu mnamuuliza yule wa Maskati. Yule kaandika barua moja kwa mtu mmoja. Aliyeisoma mbele ya mtaa ni nani?

Mtunza Sanduku, Jumatatu, saa 11 jioni

Bi, nimekusoma na sina la kujibu kwa sasa.

Wa Makunduchi, Jumatatu, saa 2 usiku

Niongeze la kwetu kusini. Kila Julai, Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya mwaka mpya wa jadi, wanaume wa pande mbili za mji wanaingia uwanjani wanapigana kwa magogo ya migomba. Wageni wa hoteli wanapiga picha wanadhani ni ngoma. Si ngoma tu. Mwenye kinyongo cha mwaka anampiga wake waziwazi, na yule anarudisha. Wanawake wanazunguka na nyimbo, na zile nyimbo baadhi yake siwezi kuziandika humu msimamizi asiniondoe. Matusi ya nguoni, mchana kweupe, mbele ya wakwe.

Kikishachomwa kile kibanda cha makuti cha kumalizia sherehe, kwisha. Jioni watu wanakula pamoja, na mgeni aliyekuja kwako siku ile ni kheri. Nilimuuliza mjomba wangu mara moja kwa nini hakumpiga fulani sana, na alikuwa na haki naye. Akasema, "Nimpige nimvunje, halafu nile na nani?"

Kijana wa Maskati hakuwa na la kula na mtu.

Mtu Baki, Jumatatu, saa 5 usiku

Sijawahi kuandika humu. Nimejiandikisha leo kwa ajili ya uzi huu.

Mleta uzi, huenda hunikumbuki. Mwaka wa mwanzo wa ukurasa wako nilikuandikia. Niliuliza kama mke akipigwa na mume na watu wake wakimwambia asubiri, asubiri mpaka lini. Hukuandika jina langu. Maoni mengine yalikuwa ya kuniumiza, nilizoea. Lakini mama mmoja, na yeye hakutaja jina, aliandika niende Mnazi Mmoja hospitali, kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari na polisi na mshauri wote wapo sehemu moja, huzungushwi. Sikuwa nakijua. Nilikwenda siku ya tatu.

Ningeuliza wapi? Kwa mama nilishauliza. Kwa sheha, sheha ni ami yake mume. Barazani? Mie mwanamke nikae barazani niseme hayo?

Mnasema macho, macho. Mie kwa macho ya watu ndiyo nilikaa miaka minne.

Ukitaka majina, watakaoandika ni wale wenye jina la kuwalinda. Sie wengine tutasoma tu.

Mpemba wa Konde, Jumatatu, saa 5:30 usiku

Dada, Mungu akuhifadhi. Hili lako limenifanya nisome uzi upya kutoka juu.

Laini ya Vidole, Jumanne, saa 3 asubuhi

Mie ni fundi simu na mambo ya mitandao, niongee la kifundi kidogo. Hili la kulazimisha majina lilishajaribiwa na nchi nzima. Korea Kusini mwaka 2007 waliweka sheria: kwenye tovuti kubwa hutoi maoni mpaka uthibitishe namba yako ya kitambulisho. Walitaka matusi yapungue. Julai 2011 wadukuzi waliingia kwenye mitandao miwili ya kule, Nate na Cyworld, wakatoka na taarifa za watu milioni 35. Nchi yenyewe ina watu kiasi cha milioni 50. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria, majaji wote, na moja ya waliyosema ni kwamba hapakuonekana maandishi mabaya kupungua kwa maana yoyote.

Yaani majina yalikusanywa, matusi yalibaki, na majina yakaibiwa.

Na hapa kwetu nani kajificha kweli? Laini zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, mwisho ulikuwa tarehe 20 Januari 2020, ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Aliyejificha kwa jirani hakujificha kwa kampuni ya simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kazi bara na Zanzibar, na inampa polisi njia ya kudai taarifa. Maxence Melo, mwanzilishi wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa Disemba 2016, na miongoni mwa mashitaka yake ilikuwa kuzuia uchunguzi, kwa kutokutoa taarifa za watu walioandika. Alikwenda na kurudi mahakamani miaka. Yule alikuwa na ofisi na mawakili. Weye mleta uzi una nini, chaja?

Nakuuliza kitu kimoja. Ule ujumbe wa huyu dada aliyeandika hapo juu, wenye jina lake, bado upo kwenye simu yako?

Mtunza Sanduku, Jumanne, saa 3:25 asubuhi

Upo. Yote ipo. Miaka mitatu.

Laini ya Vidole, Jumanne, saa 3:27 asubuhi

Na simu ina nywila?

Mtunza Sanduku, Jumanne, saa 3:40 asubuhi

Mwanangu mdogo anaijua, anachezea michezo.

Yakhe Yakhe, Jumanne, saa 3:41 asubuhi

La haula.

Chungu Kitamu, Jumanne, saa 8 mchana

Mie naona mnazunguka. Suratul Hujurat ipo. Aya ya 6, ikikujieni habari ichunguzeni. Aya ya 11, msidharauliane wala msiitane kwa majina mabaya. Aya ya 12, msitafutane aibu, msisengenyane, mnapenda kula nyama ya ndugu yenu aliyekufa? Mleta uzi hakuchunguza, ndiyo kosa, na mwenye ukurasa ana wajibu kama mwenye kusema. Jina la kijana usilitaje, utakuwa umeongeza nyama sahanini. Mwambie ajitaje mwenyewe.

Mtunza Sanduku, Jumatano, saa 4 usiku

Nimemuandikia wa Maskati. Nimemwambia, mpigie Bi Urojo simu, hata usimueleze mengi, mwambie kunradhi, ilikuwa mie. Alisoma. Nimeona kasoma. Baada ya nusu saa picha yake ikatoweka, kanifungia.

Nikiri kitu, kwa sababu Somo wa Zamani kanikosesha usingizi. Nilipolisoma lile neno "aliyeisoma mbele ya mtaa ni nani" nilikasirika. Nilitaka kujibu kwamba mie sikuandika, mie nilikuwa sanduku tu, sanduku halina dhambi. Nikaandika kabisa. Kisha nikaona nimelijibia kwa jina la Mtunza Sanduku, ambalo na lenyewe si jina langu.

Kuhusu ujumbe wa zamani, nilikaa mpaka alfajiri nafuta. Mtu Baki, wako nilianza nao.

Bint Chwaka, Alkhamisi, saa 1 usiku

Mie najitokeza kwa swali dogo tu. Bi Urojo mwenyewe kaulizwa na nani? Siku nne watu wanaamua mambo yake, Korea tumefika, Seattle tumefika, uani kwake hajafika mtu.

Somo wa Zamani, Alkhamisi, saa 2 usiku

Huyu mtoto kasema.

Mtunza Sanduku, Jumatatu ya pili, saa 5 usiku

Wanaofuatilia, nimekwenda.

Nilingoja mpaka alasiri wateja wapungue. Bi Urojo alikuwa anakuna nazi ya chatne, hakunyanyua kichwa. Nikakaa kwenye baraza. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani, yote yakapotea, nikasema tu, "Bi, lile la urojo wako mie ndiye niliyelibandika."

Akasema, "Najua."

Nikaganda. Akasema, "Mtaa mzima unajua ukurasa ni wako. Na siku ya pili yake ulikuja kununua, ukala hapohapo ulipokaa, hukunitazama usoni. Ulikuwa unaitazama bakuli kama imekuuliza kitu."

Miaka mitatu nadhani mie ndiye niliyejificha vizuri kuliko wote.

Nikamuomba radhi. Hakujibu radhi, aliendelea na nazi. Nikamwambia, "Na jirani yako wallahi siye aliyeandika." Mbuzi ikasimama.

"Siye?"

"Siye."

"Basi nani?"

Nikamwambia hilo niliahidi, lakini ni mtu wa mbali, na urojo wako wa mwaka huu hajaula. Akanitazama muda. Mie safari hii nilimtazama, na si kazi nyepesi. Kisha akasema jambo ambalo nimelala nalo siku mbili. Akasema, "Nilishajua siye. Toka mwezi wa tatu wa kununiana nilijua. Mtu aliyekufanyia baya macho yake hukimbia. Yake hayakukimbia, yalikuwa yananiuliza. Lakini nilikuwa nimeshanuna, na yeye akaninunia kwa kununiwa bure, na haki alikuwa nayo. Sasa nani aanze?"

Sikuwa na jawabu. Alinitilia bakuli la urojo, na pilipili nyingi kuliko ninavyoagiza, na pesa alichukua.

Ukurasa bado umefungwa. Mwenye swali lake la siri aniandikie pembeni, nitamuelekeza ninapojua na nitaufuta. Mwenye neno la mtu ampelekee mtu.

Yakhe Yakhe, Jumatatu, saa 5:10 usiku

Na sufuria? Kalitengeneza mpini?

Mtunza Sanduku, Jumatatu, saa 5:12 usiku

Bado. Limefungwa kitambaa.

Mtunza Sanduku, mfungo wa kwanza, baada ya tarawehe

Nyongeza, kwa Bint Chwaka aliyeniuliza pembeni. Leo karibu na adhana ya magharibi nilikuwa natoka dukani na tende. Nimemuona mtoto anavuka kichochoro baina ya zile nyumba mbili, kabeba sahani imefunikwa kawa, anatembea polepole asimwage. Kichochoro kilikuwa na giza, sikuona katoka mlango upi.